Kudhibiti mafuriko ya LSA kwenye OSPF: njia ipi inafaa mtandao wa kando ya Ziwa Victoria?

Usukumani, mwano (yowe la kuomba msaada) ukipigwa, kila anayeusikia anaupokea na kuupiga tena hadi ufike upande wa pili wa kilima. Hakuna anayesubiri kuagizwa. OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kujulishana njia za mtandao, hufanya vivyo hivyo: hali ya ruta ikibadilika, inaandika tangazo liitwalo LSA na kuwapa majirani zake, na kila jirani analipitisha kwenye linki zake zote za eneo lile lile (OSPF hugawa mtandao katika maeneo) isipokuwa ile alikolipokea. Ndiyo maana mtandao mzima unajua upesi kwamba njia ya Sengerema imekatika. Na ndiyo maana linki moja mbovu juu ya maji inaweza kuzichosha ruta zote kuanzia Buhongwa, Mwanza mjini, hadi Nansio, kisiwani Ukerewe.

Vijana wanaoanza kazi hii hapa Mwanza huniuliza swali lile lile: "Kaka, niweke amri gani mafuriko yapungue?" Nami huwauliza: mafuriko gani? Maana yako ya aina tatu, na dawa ya aina moja haitibu nyingine.

Kuna mafuriko ya uhuishaji, yanayokuja kila nusu saa hata mtandao ukiwa umetulia tuli. Kuna mafuriko ya nakala, pale ruta nyingi zinapounganishwa kila moja na kila nyingine, habari moja ikamfikia mtu mmoja mara saba. Na kuna mafuriko ya kuyumba: linki inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, na kila mara inatangazwa. Haya ya tatu ndiyo yanayotutesa zaidi sisi watu wa ziwa. Wimbi la redio linalovuka maji hupokelewa pamoja na lile lililodunda juu ya maji, na hewa ya alfajiri juu ya ziwa haifanani na ya saa nane mchana. Mnara unaweza kuwa imara juu ya jiwe lake, antena haijasogea hata kidogo, na bado mawimbi yakapotea.

Mtafute mgonjwa kabla ya dawa

Soma namba za mfuatano kwanza. Kila LSA huanza na 0x80000001 (namba hizi huandikwa kwa heksadesimali, mfumo wa tarakimu 16), na kila inapoandikwa upya namba hupanda kwa moja. RFC 2328, waraka wa John Moy wa Aprili 1998 unaoeleza OSPF toleo la 2, unaitaka kila ruta iandike upya matangazo yake kila dakika 30 hata kama hakuna kilichobadilika. Tangazo lisilohuishwa hufutwa likifikisha dakika 60. Kwa hiyo ruta tulivu hupandisha namba mara 48 kwa siku. Kwenye mtandao uliowashwa siku 10 zilizopita, tarajia kukuta namba iliyo karibu na 0x800001E1. Ukiandika `show ip ospf database` ukaona ruta moja iko kwenye 0x80002F00, imeandika tangazo lake zaidi ya mara 12,000. Umeshampata mgonjwa bila kupanda mnara hata mmoja.

Kisha andika `show ip ospf database database-summary` uone LSA za kila aina ni ngapi. Kama aina ya 5, yaani njia zilizoingizwa kutoka nje ya OSPF, ni nyingi kuliko nyingine zote kwa mbali, shida yako huenda haiko hewani kabisa. Nitaieleza chini.

Njia zenyewe nimeziweka hapa bega kwa bega. Amri ni za ruta za Cisco.

| Njia | Hupunguza nini | Gharama yake | Pa kuitumia |
|---|---|---|---|
| Kugawa maeneo, stabu (eneo lisilopokea njia za nje), muhtasari wa anwani | Kuyumba na wingi wa LSA | Kupanga anwani upya | Karibu kila mahali |
| `flood-reduction` | Uhuishaji wa kila dakika 30 | Ruta zote za eneo lazima ziielewe | Mtandao tulivu wenye LSA nyingi |
| `demand-circuit` | Uhuishaji pamoja na Hello (salamu za ruta kwa jirani) | Jirani akifa kimya hujui | Linki inayolipiwa kwa megabaiti |
| `database-filter` | Nakala | Ukikosea, ruta inabaki na ramani pungufu | Linki nyingi sambamba |
| Taima za LSA | Kasi ya kuandika matangazo | Habari mbaya huchelewa | Ruta inayoyumba na majirani zake |
| `dampening` | Kuyumba kwa intafesi (bandari ya ruta) | Linki hufungiwa hata ikishapona | Intafesi inayozimika kweli |

Maeneo, na kero ya wateja wa /32

Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu za kwanza, na ndipo ninapoona wengi wakipita haraka. LSA za aina ya 1 na ya 2, zinazoeleza ruta na linki za ndani ya eneo, hazivuki mpaka wa eneo. Ruta ya mpakani, ABR, huzisoma na kutoa aina ya 3, inayotaja anwani tu, badala yake. Ukipanga anwani zote za Ukerewe zikae ndani ya 10.20.0.0/16, ABR inatangaza mstari mmoja tu, na linki ndogo ndani ya kisiwa ikiyumba, mjini hawasikii. Amri ni `area 20 range 10.20.0.0 255.255.0.0 cost 100`. Hiyo `cost` ya mwishoni usiiache. Bila hiyo, gharama ya muhtasari hukokotolewa kutokana na anwani zilizo ndani yake. Ile inayoamua gharama ikiyumba, muhtasari nao unaandikwa upya, na mwano unavuka mpaka uliojenga mwenyewe.

Ukitaka kushusha mzigo zaidi, `area 20 stub` huzuia aina ya 5 isiingie na kuweka njia ya chaguo-msingi badala yake. Ukiongeza `no-summary` kwenye ABR, hata aina ya 3 za maeneo mengine hubaki nje. Zahanati au shule yenye njia moja ya kutokea haihitaji ramani ya Igoma. Inahitaji kujua mlango uko wapi. Kama ndani ya eneo kuna ruta inayoingiza njia kutoka nje, stabu ya kawaida haifai. Hapo tumia NSSA ya RFC 3101, ambayo hubeba njia hizo kwa aina ya 7 na kuzigeuza aina ya 5 mpakani.

Lakini muhtasari una mtego, na kisiwa kinauonyesha vizuri. Tuseme Ukerewe ina njia mbili: redio kutoka Mwanza hadi Nansio, na nyingine kutoka Kisorya, upande wa Bunda, hadi Rugezi. Kila upande una ABR yake inayotangaza 10.20.0.0/16 nzima. Linki ya kati ya Rugezi na Nansio ikikatika, kisiwa kimegawanyika ila muhtasari haujui. ABR zote mbili zinaendelea kusema "mimi ninaifikia yote", na pakiti ya Nansio iliyopitia Kisorya inafika ukingoni na kutupwa. Kabla ya kufupisha anwani za eneo lenye milango miwili, hakikisha ndani yake kuna zaidi ya njia moja kati ya mlango na mlango. Kama haipo, fupisha kwa vipande viwili, kimoja cha kila upande, kwenye ABR zote mbili: kipande cha upande isioufikia tena, ABR huacha kukitangaza.

Sasa ile kero. Mitandao mingi ya redio huingiza kwenye OSPF anwani ya kila mteja wa PPPoE (anayeingia mtandaoni kwa jina na nywila), moja moja, kwa /32. Umeme ukikatika Nyakato na wateja 300 wakazimika, LSA 300 za aina ya 5 zinafutwa mtandao mzima. Umeme ukirudi, 300 nyingine zinazaliwa. Aina ya 5 hupita kwenye maeneo yote ya kawaida, kwa hiyo ruta iliyoko Kisesa, isiyohusika kwa lolote, inapokea, inatoa risiti, inapitisha na kupiga hesabu zake, kwa sababu tu mtaa mmoja umekosa umeme. Nimeona mafundi wazuri wakihangaika na taima kwa wiki nzima huku tatizo ni hili.

Dawa yake ni rahisi mno. Kwenye ruta inayohudumia wateja, weka njia tuli ya bwawa zima la anwani, `ip route 100.64.8.0 255.255.252.0 Null0` (Null0 ni intafesi ya kutupa pakiti zisizo na mwenyewe), kisha uingize hiyo peke yake kwenye OSPF. Mteja azime, awashe, OSPF haina habari. Mtandao ukikua, wateja wahamie BGP ya ndani, itifaki nyingine inayomudu njia nyingi, na OSPF ibaki na anwani za ruta zenyewe na linki zinazoziunganisha. Ukifanya hili moja tu, na mengine yote kwenye ulinganisho huu ukayaacha, bado utakuwa umepata nafuu kubwa.

Flood-reduction au demand-circuit?

Hizi mbili ni ndugu. Zote hutumia alama ya DoNotAge, iliyoletwa na RFC 1793 ya Aprili 1995: LSA yenye alama hiyo haizeeki ikishahifadhiwa, kwa hiyo haihitaji kuhuishwa kila nusu saa. RFC 4136 ya Julai 2005 iliichukua alama hiyo na kuitumia kwenye linki za kawaida, na hiyo ndiyo `ip ospf flood-reduction`.

Tupige hesabu kabla ya kuvutiwa na jina. LSA ya aina ya 5 ina baiti 36. Ukiwa nazo 1,200, uhuishaji mmoja ni baiti 43,200. Mara 48 kwa siku ni megabaiti 2 na kidogo. Kwa mwezi wa siku 30 ni kama megabaiti 62, bila kuhesabu risiti na vichwa vya pakiti. Kwenye redio ya megabiti 100 kwa sekunde hicho si kitu, na anayeweka `flood-reduction` hapo ili mtandao uwe mwepesi hataona tofauti. Kwenye linki ya akiba ya setilaiti au modemu inayolipiwa kwa megabaiti, hiyo ni pesa halisi inayotoka kila mwezi.

Ila `flood-reduction` haigusi Hello. Kwa kawaida Hello hutoka kila sekunde 10, na kwenye linki ya watu wawili kila moja ina baiti 68 pamoja na kichwa cha IP. Ni 8,640 kwa siku, karibu megabaiti 0.6 kila upande. `ip ospf demand-circuit` huzizima hizo pia, na hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu sana. Bila Hello, OSPF inategemea intafesi kuzimika ndipo ijue jirani hayupo. Redio nyingi zinazovuka ziwa huunganishwa na ruta kwa kebo ya Ethernet, na bandari hiyo hubaki hai hata mawimbi yakipotea kabisa. Ruta ya Mwanza itaamini Nansio ipo, itaendelea kutuma data kwenye hewa tupu, na njia ya akiba haitaguswa. Kwenye redio za namna hiyo sitaiweka `demand-circuit` hata nikiombwa.

Zote mbili zina sharti moja: kila ruta ndani ya eneo iielewe DoNotAge. Ruta moja ya zamani iliyosahauliwa kwenye kabati inatosha kuzirudisha nyingine zote kwenye uhuishaji wa kawaida. Angalia `show ip ospf`, mstari wa `Number of DCbitless LSA`. Kama si sifuri, amri ipo ila haifanyi kazi. Jua pia unachokiacha. Uhuishaji wa nusu saa ni njia ya mtandao kujirekebisha, kwani tangazo lililoharibika kwenye hifadhi ya ruta moja hufunikwa na jipya. Na LSA ya DoNotAge ya ruta iliyokufa hufutwa tu baada ya mwenyewe kutofikika kwa dakika 60.

Database-filter

Nitaipita haraka kwa sababu naiogopa. Ukiwa na vituo 8 vilivyounganishwa kila kimoja na kila kingine, una linki 28. Tangazo moja linatoka kwenda kwa majirani 7, na kila mmoja anaweza kulipitisha kwa 6 wengine: hadi nakala 49 kwa kazi ya nakala 7. `ip ospf database-filter all out` huzuia LSA zisitoke kwenye intafesi uliyoichagua. Inafaa pale ruta mbili zinapounganishwa na linki tatu au nne sambamba, ukaacha mbili zipitishe matangazo na nyingine zibebe data tu. Lakini kichujio hakijui kufunguka chenyewe. Linki zinazopitisha matangazo zikikatika zote, ruta ya upande wa pili inabaki na ramani ya zamani, na ramani mbili zisizofanana ndani ya eneo moja huzaa mizunguko ya pakiti. Mara nyingi jibu bora ni kupunguza linki za kila mmoja na kila mmoja. Na kama ruta zimekutana kwenye swichi moja, ruta teule, inayopokea na kusambaza matangazo kwa niaba ya wote, imeshafanya kazi hiyo: ruta 12 zingehitaji ujirani 66, lakini kwa ruta teule na msaidizi wake ni 21 tu.

Linki inayoyumba: taima au dampening?

Masika mmoja linki yetu ya kuvuka maji ilikuwa ikikatika na kurudi kila baada ya sekunde kama 8, kuanzia alfajiri hadi jua lipande. Redio ilikuwa imewekwa kuzima bandari ya ruta kila mawimbi yanapopotea, kwa hiyo kila mpapatiko ulionekana.

RFC 2328 inakataza ruta kuandika upya LSA ile ile kabla ya sekunde 5 kupita. Kikomo hicho bado kinaruhusu matangazo 12 kwa dakika, 17,280 kwa siku. Ukiweka `timers throttle lsa all 50 200 10000`, tangazo la kwanza linatoka baada ya milisekunde 50, na linki ikiendelea kuyumba subira inaongezeka maradufu: 200, 400, 800, hadi sekunde 10. Uzuri wake ni kwamba habari ya kwanza inawahi, kelele inayofuata ndiyo inayocheleweshwa. Usipandishe kikomo hadi dakika nzima. Siku linki itakapokatika kweli katikati ya kuyumba, majirani watatuma data shimoni dakika hiyo yote.

Kuna kosa nimelikuta mara nyingi: kubadilisha upande wa mtumaji na kusahau wapokeaji. Kwa kawaida ruta huitupa LSA ile ile ikiandikwa upya na kufika kabla ya sekunde 1. Ukimruhusu mtumaji arudie baada ya milisekunde 200, majirani wanaitupa, hawatoi risiti, naye anaituma tena baada ya sekunde 5. Umeongeza mafuriko ulipotaka kuyapunguza. Weka `timers lsa arrival 100` kwa majirani wote kabla ya kumgusa mtumaji.

`dampening` hufanya kazi mapema zaidi: intafesi inayopapatika hufungiwa, OSPF isiione. Kila kuanguka huongeza adhabu ya 1,000. Adhabu ikipita 2,000 intafesi inafungiwa, na ikishuka hadi 1,000 inaachiwa. Kwa chaguo-msingi adhabu hupungua nusu kila sekunde 5. Sasa tazama linki yetu ya sekunde 8. Adhabu ya 1,000 inashuka hadi 330 kabla ya kuanguka tena. Inakuwa 1,330, kisha 1,439, na hata iendelee asubuhi nzima haitapita 1,492. Haifungiwi kamwe! Tuliandika `dampening 30 1000 2000 120`, nusu kila sekunde 30, na hesabu ikawa 1,000, kisha 1,831, kisha 2,522. Kuanguka kwa tatu kunaifungia, na ikitulia inarudi baada ya sekunde kama 40. Ruta za mjini zilinyamaza siku hiyo hiyo.

Kati ya mbili, nikiwa na linki moja mbovu ninayoijua, nachagua `dampening`, mradi kuna njia ya akiba. Kama hakuna, kuifungia ni kukikata kituo kizima. Afadhali taima, na linki iendelee kupitisha inachoweza. Na kama redio yako haizimi bandari, `dampening` haioni kitu. Anayegundua ni Hello, ambayo husubiri sekunde 40, au BFD, kipimo cha haraka cha uhai wa jirani, kama umeiweka. BFD ya milisekunde 300 mara tatu kwenye linki ya kuvuka ziwa hugeuza kila kupotea kwa mawimbi kuwa tangazo. Ilegeze kabla hujaigusa OSPF.

Ukianza na kituo cha mbali

Kwa kituo kama Nansio ningefuata mpangilio huu: kwanza njia za wateja zitoke OSPF, pili eneo lake liwe stabu lenye muhtasari (au NSSA, kama ruta ya humo bado inaingiza bwawa la wateja), tatu `dampening` iliyopigiwa hesabu kwenye linki ya maji. Taima zikae zilivyo hadi namba za mfuatano zionyeshe bado kuna haja.

Ile hatua ya stabu ifanywe kwa uangalifu. Hello hubeba alama inayosema kama eneo ni stabu au la, na pande mbili zisipokubaliana ujirani unavunjika papo hapo. Ukianza upande wa Mwanza, ruta ya kisiwani inakutoka mkononi hadi uiondoe amri hiyo. Anza na ya mbali. Hifadhi mpangilio wa sasa, andika `reload in 10` ili ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10 na kurudi ilivyokuwa, ndipo uandike `area 20 stub`. Utakatika. Geukia upande wa Mwanza, weka amri ile ile pamoja na `no-summary`, subiri ujirani urudi, ingia tena kisiwani, andika `reload cancel`, kisha uhifadhi.